Kujaza Mdomo wa Mfalme

5 Machi

Mdogo wangu Kasuku,

Usishangae kuona barua. Najua simu ipo, na najua umenipigia mara saba tangu Jumapili. Sipokei kwa sababu siwezi kukusikia. Ngoja nikueleze kabla hujanuna.

Jumapili saa moja jioni nilimkalisha mama kwenye kiti chake, nikamwekea miguu juu ya stuli kama daktari alivyoagiza, nikawasha televisheni. Mama Pacha wa jirani alikuja na wale mapacha wake wote wawili. Nilikuwa nimeshautangazia mtaa mzima kwamba katika tamthilia hiyo mpya, mfalme mwenyewe anaongea kwa sauti ya mdogo wangu. Kichwa kilikuwa kimenivimba, sikufichi.

Basi farasi wakapita, tarumbeta zikalia, yule bwana mwenye ndevu na joho jekundu akashuka ngazi akafungua mdomo. Akatoka baba.

Si sauti inayofanana na ya baba. Baba mwenyewe, na ule mkwaruzo wake, na ile tabia ya kushusha neno la mwisho kama mtu anayetua gunia. Mapacha walicheka. Mama aliondoa miguu juu ya stuli, akasimama bila kushikwa. Unajua mara ya mwisho kusimama bila kushikwa ilikuwa lini? Akajifunga kitambaa kichwani, akaenda jikoni, akabandika maji ya kuoga. Nilipomfuata akaniambia kwa kunong'ona, "Amerudi mapema leo. Kaviondoe viatu vyako mlangoni."

Baba ana miaka saba kaburini. Mama hakumbuki nilichompa kula asubuhi, ananiita kwa jina la shangazi, lakini sauti ile aliitambua kwa neno moja. Mama Pacha alidhani anafurahi. Mimi nilimwona anavyokifuta kifuniko cha sufuria kwa upindo wa kanga, kikishakauka anaanza upya.

Nakuomba ubadilishe. Mfanye mfalme mwenye mafua, mfanye mfalme wa kigugumizi, mimi sijali. Na unijibu kwa maandishi. Ukinipigia nitamsikia yeye.

Dada yako


9 Machi

Dada yangu mpenzi na mkali,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa basi la asubuhi, inanukia dizeli. Nimeisoma nimesimama.

Pole sana. Pole kwa mama pia. Lakini nikueleze kazi yetu ilivyo, maana nyinyi mnaona joho tu. Chumba chetu ni kidogo kama bafu, kuta zimebandikwa magodoro. Simu zinaachwa kwenye boksi mlangoni, zimezimwa, kwa sababu hata mtetemo wake unaingia kwenye kazi. Ninavaa hedifoni, natazama mdomo wa mfalme kwenye skrini. Yeye anaongea kwa lugha ya kwao, mimi nina karatasi ya mfasiri. Tatizo, dada, Kiswahili cha mfasiri huwa kinaisha mapema. Mfalme anasema maneno kumi na tano, mfasiri ananipa matano. Mdomo unaendelea kuchezacheza na mimi nimemaliza. Hapo mtu wa sauti anatakiwa ajaze: aongeze "ndiyo nimesema", aongeze "mnanisikia?", chochote, ilimradi mdomo wa mfalme usibaki wazi bila sauti. Tunaita kujaza mdomo. Fundi mitambo anasema hakuna anayenishinda kwa hilo.

Kuhusu kubadilisha sauti, haiwezekani. Tumesharekodi mpaka sehemu ya thelathini, na mtu hawezi kulala na sauti moja akaamka na nyingine, hata kama ni mfalme. Na ujue nilivyoipata nafasi hii. Walitujaribu watu thelathini. Niliposoma kwa sauti yangu mwenyewe, bosi alisema, "Huyu mfalme mbona anaomba ruhusa?" Wakacheka. Nikafumba macho, nikamtoa mzee. Nyuma ya kioo yule dada anayeleta chai akasimama wima na sinia lake. Nimefanya kazi miaka kumi na tano ya kuwasemea walinzi na wapishi na maiti wanaokoroma. Huyu ndiye mfalme wangu wa kwanza.

Zima televisheni, dada. Mwambie mama imeharibika. Baada ya wiki atasahau.

Mdogo wako,
Kasuku


17 Machi

Kasuku,

Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. "Zima televisheni." Nimeizima tangu siku ile, rimoti nimeifungia kwenye droo ya cherehani. Je, na za majirani nizifunge droo gani? Kuta zetu unazijua. Ikifika saa moja, kushoto baba, kulia baba, ng'ambo ya barabara kwa kinyozi baba anawapigia kelele mawaziri wake. Mama anakaa wima, magoti pamoja, macho mlangoni. Ikiisha anapumua.

Lakini nikuambie kweli, maana sina mwingine wa kumwambia. Tangu baba "arudi", mama anakula. Anamaliza sahani kwa sababu baba hakupenda chakula kibaki. Anakunja nguo. Juzi alinipiga kikofi mkononi nilipochelewa kuweka chumvi mezani, na ulikuwa mkono wenye nguvu. Miaka miwili nimemlisha kama kifaranga, leo woga unamfanyia kile ambacho mimi kwa mapenzi nilishindwa. Nimekaa nikalia juu ya hilo mpaka nikachoka.

Nina maombi mawili. La kwanza, niambie huko mbele kuna nini. Kazini tuna sare za shule nne za kushona kabla ya muhula, natoka saa kumi na mbili na mara nyingine nachelewa, na Mama Pacha ndiye anayekaa naye. Kama kuna siku mfalme atafanya ubaya wowote, nitajie siku hiyo, nitaomba ruhusa nikae nyumbani. La pili, njoo. Hata siku mbili. Aione sauti hiyo inatoka kwenye uso wako.

Dada yako


24 Machi

Dada,

Kwa haraka, gari linaondoka. Huko mbele ni vita na farasi, na karamu, na waziri mmoja anawekewa sumu. Malkia naye anagombana na mfalme, maneno mawili matatu. Hakuna cha kutisha. Usijinyime kazi.

Kuja siwezi kwa sasa, wakiniachia siku mbili watamweka mtu mwingine. Mbusu mama.

Kasuku


12 Aprili

Kasuku,

Jumatano nilichelewa. Zipu za sketi zilikuja mbovu, tukafumua upya, nikafika nyumbani saa mbili kasoro. Mlango ulikuwa wazi na kiti cha mama kitupu. Mama Pacha alikuwa uani, analia.

Ananiambia mama alihangaika tangu saa kumi na mbili, anauliza mbona nyumba ina kimya, kuna nini, amekasirika? Basi Mama Pacha, roho yake nzuri, akaenda kuwasha televisheni pale pembeni kwa kitufe, ili atulie. Mfalme akasimama mbele ya malkia wake. Na Mama Pacha ameyarudia maneno kwangu mara tatu, kwa hiyo usinidanganye. "Toka nyumbani kwangu, uso wako umenichosha. Na usikanyage mlango huu mpaka nikuite."

Mama akasema, "Sawa." Akavua ndala zake akaziacha sebuleni, akatoka peku. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye lile jiwe la bombani, amekaa, mgongo ameupa ukuta. Mvua ilikuwa ndogo. Nikamwambia mama twende ndani. Akasema, "Hajaniita."

Nimembeba. Ana kilo kama za mtoto, lakini alijikaza kama mbao. Nikamweka kitandani, nikageuka kutafuta taulo, akatoka. Nikafunga mlango kwa ufunguo. Akaukwaruza mpaka kucha mbili zikatoka, anasema, "Nifungulie, akinikuta humu ataniua." Nikafungua. Ningefanya nini? Leo siku ya pili yuko kwenye jiwe. Nimemtandikia godoro, nimefunga turubai juu yake kwa kamba za kuanikia, nimemvika sweta mbili. Ananishukuru kama mgeni.

Nilikuwa shule ya bweni mwaka ule baba alipomfukuza mama. Nilihadithiwa tu, na shangazi, kwa mafumbo. Lakini maneno yale nimeyajua kuwa ni ya baba. Hayakuandikwa na mfasiri yeyote. Nani aliyaweka kwenye kinywa cha mfalme?

Njoo, Kasuku. Njoo na basi la kesho. Hataingia mpaka aitwe na sauti hiyo, na sauti hiyo unayo wewe.

Dada yako


15 Aprili

Dada,

Ni mimi.

Karatasi ilisema, "Malkia, ondoka mbele yangu." Basi. Mdomo wa mfalme ukaendelea sekunde sita nzima. Sekunde sita ni nyingi, dada, unaweza kumaliza sala. Nikajaza. Sikufikiri, yalitoka yenyewe, yote, kwa mpangilio wake, kama vile yalikuwa yamekaa nyuma ya meno yangu tangu nina miaka tisa. Fundi mitambo akagonga kioo, "Hiyo hiyo, usiiguse." Bosi alinishika bega. Na barua yako ya kwanza ilikuwa mfukoni mwangu. Uliponiuliza huko mbele kuna nini, nilikuwa nimeshayarekodi. Niliogopa ungenidharau. Nikaandika "hakuna cha kutisha" nikakimbilia stendi.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Siku ile mama alipofukuzwa alikaa kwenye jiwe lile lile siku tatu. Mimi nilimpelekea maji kwa kikombe. Siku ya tatu baba akiwa kazini, nilisimama nyuma ya mlango, nikabana koo, nikaita kwa sauti yake: "We mwanamke, rudi ndani." Na akaja, dada! Akaingia, akanawa uso, akawasha jiko. Hakujua ni mimi. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya sauti, na sijawahi kufanya nzuri kuliko ile. Jioni baba alirudi akamkuta jikoni. Akauliza nani amekuita? Mimi nikasema, mimi. Lile kovu juu ya sikio langu, nililokuambia nilianguka ukutani, ni la kile chuma cha mkanda wake. Alinipiga mimi, mama hakumgusa. Mama alisimama kona ya jikoni na mikono mdomoni.

Kwa hiyo najua itafanya kazi. Nakutumia flashi yenye mwito ule ule kwa sauti yake, na hiki kiredio kidogo, dereva amenihakikishia. Bonyeza namba moja tu. Kiweke mlangoni, kwa ndani, ujifiche.

Mwenyewe siwezi kuja sasa hivi. Nimeomba, wamekataa. Sawa, sikuomba. Nikija nitamtazama vipi?

Kasuku


28 Aprili

Kasuku,

Alikuja.

Nilikiweka kiredio nyuma ya mlango pale pale uliposimama wewe. Nikabonyeza. "We mwanamke, rudi ndani." Kabla halijaisha neno la mwisho nilisikia miguu yake kwenye sementi. Akaingia ananitazama mimi kwa furaha, akasema, "Ameniita." Akanawa uso. Akaenda kulala saa kumi na nne mfululizo.

Na ahsante kwa zile nyingine ulizotuma wiki iliyofuata. Namba mbili, kula. Namba tatu, oga. Namba nne, vaa sweta. Namba tano, kalale. Nimezizoea mpaka naota namba. Bila namba mbili hafungui mdomo, hata nikimbembeleza kwa asali. Nikibonyeza anakula mpaka punje ya mwisho huku anatazama mlango. Mama Pacha ananipongeza, mama yako amenenepa. Mimi najiona msaidizi wa baba. Amekufa, lakini bado nyumba inaendeshwa na yeye, na mimi ndiye ninayembonyeza.

Kuna jambo jipya. Kila ikinyamaza, mama anaijibu. Anaomba radhi. Amemwomba radhi kwa chai ya mwaka gani sijui, kwa shati lililoungua, kwa kuzaa mtoto wa kike kwanza. Jana alipiga magoti mbele ya kabati kilipo kiredio, na hayo magoti unayajua yalivyo. Kasuku, mama anakufa, daktari amenipa miezi si miaka. Sitaki afe akiwa amepiga magoti. Nataka asikie jambo moja kabla hajaenda: "Hukukosa kitu. Nilikosa mimi. Nisamehe." Kwa sauti hiyo hiyo. Baba ana deni hilo, na mwenye kulilipa ni wewe tu.

Au uje. Hii ni mara ya tatu nakuandikia neno hilo. Ungekuja, labda nisingehitaji kiredio.

Dada yako


7 Mei

Dada,

Imekuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na sitanii, ingawa unajua mimi hutania hata msibani.

Nilimwomba fundi mitambo anipe chumba wakati wa chakula cha mchana. Nikafumba macho kama kawaida. "Hukukosa kitu" ilitoka, maana ni maneno makavu. Lakini "nisamehe", dada, sina mahali pa kuiga. Kila kitu ninachokijua cha baba nilikisikia kwa masikio yangu, akifoka, akiagiza, akikohoa, akidai chumvi. Hilo sijawahi kulisikia. Sijui mdomo wake ungelishika vipi. Nikilisema kwa ukali linakuwa tusi. Nikilisema pole linakuwa mimi. Nimerudia mara arobaini. Fundi mitambo mwishoni alivua hedifoni akasema, "Ndugu yangu, huyu si mfalme tena, huyu ni mtu analia." Nikachukua hiyo hiyo. Ni namba sita. Ina uso wangu kidogo ndani yake, lakini mama hatatambua. Hakutambua nilipokuwa na miaka tisa, atatambua leo?

Jumatatu tunaingia kurekodi kifo cha mfalme. Sehemu kumi za mwisho kwa mkupuo mmoja, wanatufungia wiki nzima, chakula kinaletwa mlangoni. Tukitoka tu, napanda basi. Safari hii nimeomba kweli, na wamekubali. Jumamosi ya tarehe kumi na nane nipo hapo saa nane mchana. Usimwambie mama, nataka nimshtue. Nimefuga ndevu, zina mvi. Utanicheka.

Nimemnunulia ndala mpya.

Mdogo wako,
Kasuku


16 Mei

Kasuku,

Barua hii nampa dereva aikabidhi mkononi mwako mlangoni kwenu. Mama Pacha alikupigia simu Jumanne nzima na Jumatano, imezimwa. Najua, boksi. Sitaki uyasikie haya kwa mtu wa stendi. Mama amefariki Jumanne alfajiri, na tumemzika jana.

Nataka ujue ilivyokuwa, yote, kama ulivyoniambia wewe ya kwako.

Ijumaa iliyopita baada ya chakula nilibonyeza namba sita. Alikuwa kwenye kiti chake, nimemchana nywele. Sauti ikaanza, "Hukukosa kitu." Akainama kama kawaida yake. "Nilikosa mimi." Akainua kichwa. "Nisamehe." Na mama akatabasamu. Sijaona tabasamu lile tangu kabla hajaanza kusahau. Nikasema moyoni, tumeweza, amesikia, sasa atapumzika.

Akaniambia, "Huyo ni Kasuku."

Nikasema hapana mama, ni baba. Akacheka. "Baba yenu aseme nisamehe? Huyo ni Kasuku, anamwiga tena. Hata siku ile nilijua ni yeye. Mtoto wangu mwenyewe nisimjue?" Alikuwa na akili timamu kama mimi na wewe, Kasuku, nakuapia. "Nilijua, nikaingia hivyo hivyo, maana mtoto wako akikuita huwezi kukaa nje. Baba yake akarudi akampasua kichwa kwa ajili yangu."

Akasimama. Akavua ndala. Nikamshika mkono nikamwuliza, unakwenda wapi, mvua inanyesha. Akasema, "Bombani. Hajaniita yule, ameniita mtoto. Akinikuta ndani atampiga tena. Safari hii siingii."

Nilibonyeza namba moja. Nilibonyeza namba moja mpaka kidole kikauma. Akawa ananitazama kwa huruma kutoka kwenye jiwe, mvua inamtiririka usoni. Nikabonyeza zote, kula, kalale, vaa sweta. Zamani zilikuwa za baba, sasa zote zilikuwa za Kasuku. Akaweka kidole mdomoni akakiambia kiredio, "Nyamaza mwanangu. Yuko karibu kurudi, atakusikia." Hakula tena. Nilimwekea uji mdomoni, akautema taratibu bila kunikera, akasema nimpe mtoto.

Nilifanya ya kufanya. Turubai, godoro, mkaa kwenye jiko pembeni yake. Kinyozi na wenzake walimbeba ndani mara mbili, mara mbili akatoka kwa kutambaa. Daktari wa zahanati alikuja Jumapili, akasema mapafu yameshika maji, aingizwe ndani kwa nguvu. Jumatatu jioni tulimwingiza na hakupinga. Alikata roho kitandani, kwa sababu wakati huo hakujua tena kwamba ameingia.

Nilidhani nitakuchukia, na nimejaribu. Lile neno nililitaka mimi. Mimi ndiye niliyeagiza namba sita, na mimi ndiye niliyeibonyeza. Ukali wa baba ulimweka hai, radhi yake ya uongo ikamtoa nje. Sijui nimweleze nani jambo kama hilo akanielewa, ila wewe.

Lakini kuna moja siwezi kulimeza. Una miaka arobaini na mbili. Una mabega mapana kuliko aliyokuwa nayo baba, na sasa unaniambia una ndevu zenye mvi. Kama ungepanda basi mara ya kwanza nilipokuita, au ya pili, au ya tatu, ukasimama pale bombani, mama angeinua macho akakuona ulivyo. Angeona hakuna mtu aliyebaki duniani wa kukupiga. Angenyanyuka mwenyewe. Alikuwa anakulinda, Kasuku. Alikaa kwenye mvua siku nne anamlinda mtoto wa miaka tisa, na hakuna aliyekuja kumwambia kwamba mtoto yule amekua.

Flashi nakurudishia humu ndani ya bahasha. Jumamosi ukija, ufunguo uko kwa Mama Pacha, mimi nitakuwa kazini. Ndala ulizonunua ziache mlangoni. Na tukikutana, nakuomba, usiseme nami kwanza.

Dada yako